Nilirudi kwetu Leipzig baada ya miaka 15, na haya ndiyo makosa yangu

Machungwa thelathini na mawili ya Muheza yaliishia kwenye pipa la taka pale uwanja wa ndege wa Frankfurt, huku mwanangu wa miaka kumi akiyahesabu kwa sauti, moja baada ya jingine, kama yuko msibani. Ofisa wa forodha hakuwa mkali. Aliniuliza kwa Kiingereza natokea wapi, nami nikamjibu kwa Kijerumani, tena kwa kiburi kidogo: "Mimi ni mtu wa hapahapa." Akatazama machungwa, akatazama pasi yangu ya Ujerumani, akatabasamu.

"Mtu wa hapa angejua," akasema.

Ilikuwa Juni 2024. Maneno yale yalinifuata wiki tano nzima, kwa sababu karibu kila kosa nililolifanya katika safari ile lilitokana na kujiona mwenyeji. Ningekwenda kama mgeni ningeuliza. Niliona aibu kuuliza mambo ya kwetu.

Basi nianze na hayo ya matunda, maana wengi wanayapoteza. Tangu Desemba 2019 tunda bichi likitoka nje ya Umoja wa Ulaya linatakiwa liwe na cheti cha afya ya mimea, hata kama umebeba mawili tu ya zawadi. Yamesamehewa matano: nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. (Doriani sheria inaliruhusu, watakaokushitaki ni abiria wenzako.) Nyama na maziwa usijaribu kabisa, hata iwe samli ya bibi. Iliki, mdalasini na karafuu zangu zilipita, na dagaa wangu wakapita bila neno. Machungwa ndiyo hivyo tena.

Nimezaliwa Leipzig mwaka 1981, wakati huo ikiwa Ujerumani Mashariki. Baba, mtu wa Tanga, alipelekwa kule kusoma mwaka 1976, na mwaka wake wa kwanza uliishia Taasisi ya Herder akijifunza Kijerumani kabla hajaruhusiwa kugusa masomo yaliyompeleka. Huko akakutana na Mama. Tulihamia Tanga mwaka 1990, mwaka uliofuata kuanguka kwa ukuta wa Berlin, nikiwa na miaka tisa. Nchi niliyozaliwa haikumaliza hata mwaka ule, ikafutika kwenye ramani.

Baba alifariki 2008. Mwaka uliofuata nilimsindikiza Mama kurudi kwao, nikamwacha kwa mdogo wake, nikarudi Tanga kwa mume wangu. Tukawa watu wa simu za Jumapili. Kila mwaka nilisema mwakani nitakwenda; kila mwaka kukawa na ada, au paa, au mimba. Mapema mwaka 2023 mama mdogo akanipigia siku ya Jumanne. Si kawaida yake. Mama alikuwa amewasha jiko, akaenda dukani, akasahau njia ya kurudi. Daktari alishasema ni dimenshia, ugonjwa wa kusahau.

Nilidhani kwa kuwa nina pasi ya Ujerumani, safari ni suala la nauli tu. Yangu ilikuwa hai, kwa sababu bila pasi hai sipati kibali cha kuishi Tanga kwa baba yangu. Sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na nilipotimiza miaka 18 nilibaki na uraia wa Mama. Hilo ni simulizi la siku nyingine. Mtihani ulikuwa mtoto. Kwa kuwa mama yake ni Mjerumani, naye ni Mjerumani, na akiingia Ujerumani wanataka aingie kwa pasi ya Kijerumani. Watoto wetu wanaruhusiwa kuwa na pasi mbili mpaka watimize miaka 18, kwa hiyo nikaona mambo mepesi.

Kumbe mwanangu hakuwa na jina.

Hapa kwetu mtoto anapewa jina lake, linafuata la baba, linafuata la babu, mambo yamekwisha. Wajerumani wanataka jina la ukoo, na mume na mke wasipotumia jina moja la ukoo, wazazi wote wawili walitakiwa wakati huo watamke kwa maandishi mtoto ataitwa nani. Cheti cha kuzaliwa cha RITA chenye majina matatu yaliyonyooka hakikutosha. Kwa sheria yao ya wakati ule, mtoto aliyekuwa darasa la nne, mwenye jina lake kwenye madaftari na kwenye fulana ya mpira, kwao alikuwa bado hajaitwa. Mume wangu alicheka mpaka alipogundua kwamba na yeye lazima aende Dar kutia sahihi mbele ya ofisa. Tukapanda basi la alfajiri, kilomita kama 350, tukatia sahihi, tukarudi na la jioni. Hiyo ilikuwa Agosti 2023. Karatasi zikasafiri Ujerumani, na jibu likarudi Februari 2024.

Hapo ndipo nikajua kosa la pili. Zamani kulikuwa na pasi ya watoto iliyokuwa ikitolewa haraka. Imefutwa tangu Januari 2024. Sasa mtoto anatengenezewa pasi ya kawaida, inachapwa Berlin na kuletwa. Mimi, kwa haraka zangu, nilikuwa nimeshanunua tiketi za Machi ili tuwepo Pasaka. Kusogeza tarehe kulinigharimu shilingi 640,000 juu ya zile milioni nne na laki sita za tiketi zenyewe. Kama una mtoto aliyezaliwa huku na hajawahi kuwa na pasi ya Kijerumani, anza mwaka mzima kabla, na tiketi usiiguse mpaka pasi iwe mkononi.

Pale Frankfurt machungwa yalitupotezea saa nzima. Nilikuwa nimenunua tiketi ya treni ya kwenda Leipzig mtandaoni, ya bei ya chini kabisa, nikajipongeza. Sikusoma kwamba tiketi za namna hiyo zimefungwa kwenye treni moja tu. Ikikuacha kwa uzembe wako, imekufa. Nikalipa euro 96 nyingine. Euro moja ilikuwa kama shilingi 2,800, fanya hesabu mwenyewe, mimi nimechoka kuifanya. Ukitua asubuhi acha nafasi ya saa tatu, au nunua tiketi inayokuruhusu kupanda treni yoyote ya siku hiyo.

Tena tuliangukia kwenye mashindano ya Ulaya ya mpira. Uholanzi na Ufaransa walikuwa wacheze Leipzig siku mbili baadaye, tarehe 21 Juni, na treni ilijaa mashabiki wa Uholanzi wenye jezi za rangi ya machungwa. Mwanangu akasema angalau kuna machungwa yaliyoruhusiwa kuingia. Tulikuwa bado tunacheka walipopita watu wawili wenye sare. Walipita safu moja, ya pili, ya tatu, hawakumwuliza mtu kitu. Wakasimama kwetu. "Pasi." Niliwapa, wakaangalia, wakashukuru, wakaondoka. Hakuna aliyenitukana. Lakini mtoto akauliza, "Mama, mbona sisi tu?" na mimi mwenye majibu ya kila kitu nikajikuta nafunga zipu ya begi iliyokuwa imeshafungwa. Kama unasafiri na mtoto wa rangi yetu, mwandae nyumbani, kwa utulivu. Mle kwenye treni watu wanakutazama, huwezi kumweleza kitu.

Mama anakaa Grünau, upande wa magharibi wa Leipzig, kwenye magorofa yaliyoanza kujengwa mwaka 1976. Aliyewahi kuona Michenzani pale Unguja ameshaiona Grünau: ukuta wa zege, madirisha yaliyopangwa kama vichane vya ndizi. Si ajabu, Michenzani ilichorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Gorofa ya tano, lifti hakuna. Nilipanda na mabegi mawili ya kilo 23 yaliyojaa vitenge, na kila ngazi nikajiuliza mwanamke wa miaka 74 anapandaje na mifuko ya sokoni.

Mama alifungua mlango mwenyewe. Alinitazama miguu kwanza.

"Vua viatu," akasema. "Ndala zako zipo palepale."

Na kweli zilikuwepo ndala za ndani, za sufu, nyekundu, saizi ya mtoto.

Jioni ile mwanangu alininong'oneza kwa Kiswahili, "Chakula kiko wapi?" Mezani kulikuwa na mkate, jibini, matango, nyanya zilizokatwa nne, na chai. Nikamwambia hicho ndicho chakula. Mtoto wa Tanga, amesafiri siku nzima kwenda kumwona bibi yake, anapewa mkate baridi saa kumi na mbili jioni! Alidhani hatupendwi. Nilisahau kumwambia kwamba kule chakula cha moto mara nyingi ni cha mchana, na mapenzi yanakuja saa tisa alasiri na keki na kahawa. Kesho yake mama mdogo alileta keki ya matunda ya bustanini kwake, vipande vinne vya mtoto peke yake, na suluhu ikapatikana.

Kijerumani changu ndicho kilichonitoa jasho. Nilikuwa nakizungumza na Mama Tanga, kwa hiyo nilijihesabu hodari. Lakini ni Kijerumani cha jikoni na cha kugombezwa. Sikuwa na neno la bima, la mkataba, la rufaa. Na kibaya zaidi, mimi ninamwambia kila mtu "du". Kule mtu usiyemjua unamwambia "Sie". "Du" ni ya watoto, ndugu na marafiki. Nilikwenda benki na mama mdogo, nikamwambia mzee wa watu mwenye tai, "Wewe, mama yangu anataka kadi mpya." Ni kama uingie ofisi ya mkuu wa wilaya umsalimie "mambo vipi". Yule mzee aliinua nyusi. Mama mdogo akawa mwekundu. Tena nilisema kwa lafudhi ya Saxony, jimbo la Leipzig, ya miaka ya themanini, lafudhi ambayo Wajerumani wenzao wanaitania, na inatoka kwenye uso kama wangu. Mzee akaishia kucheka. Tangu siku ile kabla ya kuingia ofisi yoyote nilijirudia kimoyomoyo: Sie, Sie, Sie.

Mengine nayapita haraka. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo nunua Jumamosi. Tembea na noti, maana kadi yangu ya Tanzania ilikataliwa kwenye duka la mikate siku ya kwanza tu, nyuma yangu foleni ya watu sita. Hata kwa ndugu hapapigwi hodi bila miadi. Nilimpigia binamu yangu kwamba nipo mtaa wa pili nakuja kumsalimia, kimya, halafu karatasi zikafunuliwa, halafu akasema kwa furaha ya kweli kabisa, "Alhamisi ya wiki ijayo, saa tisa mpaka saa kumi na moja na nusu." Niliumia. Alhamisi nilipokwenda nilikuta amechukua ruhusa kazini, ameoka, ametoa albamu za picha za Baba akiwa kijana na suruali pana, na simu ameizima. Ndiyo maana alitaka Alhamisi.

Mama mdogo ana bustani ya kupanga, Schrebergarten, kijumba cha mbao na vitanda vya mboga, jambo ambalo watu wa Leipzig watakwambia limepewa jina la daktari wa mjini kwao. Usidhani bustani ni mahali pa kujiachia. Ua una urefu wake, na mchana kuanzia saa saba mpaka saa tisa ni kimya, hakuna mashine wala mpira. Mwanangu alipiga mpira mara moja, jirani akatoka na kofia yake ya majani akaonesha saa ya mkononi. Mtoto akaacha mpira, akaenda kuchokora nyuma ya kibanda, akakanyaga reki.

Nyuzi tatu na sindano ya pepopunda. Nikatoa karatasi yangu ya bima ya safari niliyoikata Dar kwa mbwembwe. Dada wa mapokezi aliisoma pole pole, kisha akanigeuzia, kidole kwenye mstari: bima haigharamii matibabu katika nchi ya uraia wa mwenye bima. Mimi na mwanangu tulikuwa na bima nzuri kabisa, halali dunia nzima, isipokuwa nchi tuliyokwenda. Wala sikuwa na bima ya kule, kwa sababu bima ya afya ya Ujerumani inafuata makazi na kazi, haifuati pasi. Walimtibu, hawakumfukuza. Ankara ilikuja kwa posta wiki mbili baadaye: euro 214. Ukiwa na pasi ya Kijerumani na unaishi nje, usinunue bima yoyote kabla ya kuuliza swali hilo moja, na jibu walitie kwenye maandishi. Zipo bima zinazomchukua mtu anayeishi nje bila kujali pasi yake. Sikuzitafuta, kwa sababu sikujiona mgeni.

Nimekuwa nikizunguka jambo lenyewe.

Wiki ya tatu, jioni, Mama ameshalala, mama mdogo aliweka mezani kijitabu cha rangi cha nyumba ya kulelea wazee. Bustani, viti, wazee wanacheka. Hakusema kitu, alikiweka tu. Nikakisukuma.

"Kwetu mzazi hatupwi," nikasema.

Hakunijibu. Alifuta meza, ingawa ilikuwa safi. Akaenda ukutani, akatungua kalenda, ile ya miraba mikubwa inayoning'inia jikoni kwa kila Mjerumani, akaanza kufunua miezi. Januari, Februari, Machi. Kila mraba ulikuwa na mwandiko wake. Mama, daktari wa macho. Mama, kuoga. Mama, dawa zimeisha. Mama amepotea, polisi wamemleta saa nne usiku. Mama hakula.

"Nioneshe jina lako lilipo," akasema.

Lilikuwepo. Kila Jumapili, kwa kalamu ya bluu: jina langu, na neno moja pembeni. Simu.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za gorofa ya tatu mpaka taa ikajizima yenyewe. Mama mdogo ana miaka 68 na goti bovu. Kutoka mfuko wa matunzo, Mama amepangiwa daraja la pili, na mwaka ule malipo ya anayetunzwa nyumbani yalikuwa euro 332 kwa mwezi. Hesabu ngazi za gorofa tano, mara mbili kwa siku, ugawe. Na mimi nilikuwa nimekuja na ratiba: Berlin siku tatu, Dresden siku mbili, rafiki wa utotoni huko Halle. Ndiyo namna ya watu wanaorudi kwao. Sikuwahi kumwuliza anayelea anahitaji nini. Alikuwa ameniambia, kwa namna yao: siku ya pili alisema, "Mwezi wa saba zamani nilikuwa nakwenda Rügen, baharini," kisha akaendelea kumenya viazi. Kwangu hayo yalikuwa mazungumzo. Kwake lilikuwa ombi.

Asubuhi nilimwomba radhi, nikafuta Berlin na Dresden, nikamwambia aende. Alikaa baharini siku tisa. Alinitumia picha moja tu, ya miguu yake mchangani.

Kabla hajaondoka alinionesha faili lenye karatasi za Mama, na humo nikakuta hati ya mamlaka, Vollmacht, iliyosainiwa 2019: mama mdogo ndiye mwenye kauli juu ya matibabu, benki, nyumba, kila kitu. Jina langu halimo. Kidonda kipya juu ya kile cha kalenda. Lakini hili kila mwenye mzazi kule alielewe: kwa sheria ya Ujerumani, kuwa mtoto hakukupi mamlaka yoyote juu ya mzazi asiyejiweza. Tangu Januari 2023 mume au mke anaweza kumsemea mwenzake kwenye matibabu ya dharura kwa miezi sita, mtoto hamo. Pasipo hati, mahakama ndiyo inayoteua msimamizi. Na hati inasainiwa wakati mwenyewe bado anaelewa anachosaini. Nilitaka niongezwe kama wa pili. Tukaenda kwa mthibitishaji wa hati, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akaomba akae na Mama peke yao kwa dakika kumi. Alipotoka alitikisa kichwa. Mama alikuwa amemwambia binti yake yuko shule, anarudi saa saba. Kama mzazi wako bado yuko sawasawa, ongeeni sasa hivi, hata kwa hizohizo simu za Jumapili. Mimi nilichelewa kama miaka miwili.

Zile siku tisa nilijifunza kwamba kwa Mama mimi nina miaka tisa. Aliniuliza kama nimemaliza kazi za shule. Usiku aliamka akasema tuwahi duka kabla maziwa hayajaisha. Mwanzoni nilimsahihisha: Mama, huu ni mwaka 2024, Baba alishafariki. Akalia kama ndiyo kwanza amesikia, na kwake ndiyo kwanza. Sikurudia. Nikaanza kumjibu kwa Kijerumani kilekile kilichonitia aibu benki, cha mtoto, cha "du", cha jikoni. Ndiyo, nimemaliza hesabu, imebaki kusoma. Akatulia, akalala.

Siku moja nilipokuwa nasafisha roshani, mwanangu akavuta pazia la pembeni akaita. Nyuma yake kulikuwa na chupa tupu za maji, za plastiki, zimesimama kwa safu. Mama alikuwa ameshindwa kuzishusha, akazificha mdogo wake asizione. Kule ukinunua chupa ya namna ile unaweka amana ya senti 25, na unarudishiwa ukiitumbukiza kwenye mashine ya dukani. Mwanangu tangu afike alikuwa akitamani kuokota za barabarani, za mashabiki wa mpira, na mama mdogo alikuwa amemkataza: kwa zile wanaishi wengine, wastaafu, usiwavunjie riziki. Hizi zilikuwa halali yake. Chupa 71, safari nne za ngazi, euro 17 na senti 75. Mashine ilimeza moja moja na yeye akihesabu kwa sauti ileile ya Frankfurt.

(Hapohapo niseme la mwisho la pesa: tiketi ya mwezi, Deutschlandticket, iliyokuwa euro 49 mwaka ule wa 2024, inakupeleka nchi nzima kwa treni za kawaida, ila zile za kasi haiingii, na ukiinunua umejiunga, inajilipa kila mwezi mpaka uifute, na lazima uifute kabla ya tarehe 10. Mimi nilifuta tarehe 12 Julai. Agosti nikalipa nikiwa Tanga, napanda bajaji.)

Kwa zile pesa za chupa mwanangu alinunua machungwa. Karatasi ya bei iliandika Afrika Kusini. Alimwekea bibi yake mezani, yote kwenye bakuli moja. Mama aliyatazama muda mrefu. Asubuhi ile alikuwa ameshindwa kufunga vifungo vya blauzi. Akachukua kisu kidogo cha viazi, akaligeuza chungwa kiganjani, akaanza kulimenya kwa kulizungusha, ganda likashuka utepe mmoja mrefu mwembamba, halikukatika, weupe ukabaki umelivaa tunda pande zote, vilevile wanavyomenya pale stendi ya Muheza. Akakata kichwa, akachoma ncha ya kisu katikati mara mbili, akampa mjukuu wake alifyonze.

"Inama," akamwambia kwa Kiswahili. "Usichafue shati."